Jina Lililoitwa Mtoni

Mwaka wa tisini na mbili, nikiwa na miaka kumi na moja, ndipo shida ilipoingia kwetu na kukaa. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kawaida tu. Babu alitoka pande za Iguhu, akanunua shamba huku Lugari wakati wazungu walipokuwa wakiondoka, na baba akalirithi: mahindi mbele, migomba nyuma ya nyumba, na baiskeli nyeusi aliyoipenda kuliko sisi watoto wake. Nasema hivyo bila uchungu. Mtu huipenda kazi yake, na kazi ya baba ilikuwa maziwa. Kila asubuhi alivuka mto kwenda kwa watu wa ng'ambo, wenye ng'ombe, akajaza mikebe yake na kurudi kuyauza senta, pale penye maduka.

Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hivyo ukikuta sentensi imepinda, ipite hivyo hivyo. Nimekaa chini kuandika kwa sababu ya harufu. Juzi mama mmoja alileta mahindi kwenye mashine yangu ya kusaga, akaweka kibuyu chini karibu na mlango. Kibuyu cha maziwa ya kugandisha, kile wanachokisugua ndani kwa mkaa wa mti mpaka maziwa yananukia moshi. Alipokifungua ampe mjukuu wake, nilizima mashine. Watu kwenye foleni wakauliza kuna nini. Nikawaambia mkanda umepata moto. Mkanda ulikuwa baridi kabisa. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo mpaka harufu ikaisha.

Hao watu wa ng'ambo sitawataja kabila. Nyinyi wa rika langu mnawajua, na wao wakituzungumzia walisema vilevile, watu wa ng'ambo. Mto wenyewe si mkubwa. Mwanamke mwenye mtungi kichwani anauvuka pale penye mawe bila kulowesha magoti.

Siku ile baba alipotoka na baiskeli, jirani alimwambia hewa si nzuri, angojee. Baba akacheka, akasema jana tu amekunywa chai huko. Adhuhuri tukaona moshi ng'ambo. Vijana wetu walikuwa wamevuka. Jioni moshi ukawa wa kwetu, maana wa kwao nao walivuka. Tulikimbilia kanisani, tukalala juu ya mabenchi, na nakumbuka zaidi harufu ya mahindi yaliyoungua ghalani, tamu kabisa, kama mtu anachoma ya kula. Nilikuwa na njaa. Mate yalinijaa mdomoni huku nyumba zikiungua. Kitu kama hicho hakimwachi mtu.

Baba hakurudi. Wala baiskeli.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, mvulana, na huyo ndiye aliyenifunga mimi katika habari hii, maana alikuwa mgongoni mwangu kutwa nzima. Hakuwa na jina bado. Kwetu mtoto hurithi jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Akilia bila kunyamaza, wazee huita majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, na pale anaponyamaza akashika titi, basi huyo ndiye aliyerudi. Aliye hai haitwi. Kumwita aliye hai juu ya mtoto ni kumzika.

Huyu wetu alilia tangu usiku wa moto. Kukhu, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba, aliita jina la babu. Mtoto akalia. Akaita ndugu za babu, akaita mpaka watu waliokufa kabla ya barabara kuja, na mtoto akalia tu, na kilio chenyewe kikazidi kuwa chembamba kama cha paka mdogo. Ilibaki jina moja ambalo kila mtu pale kanisani alikuwa analifikiria. Mwishowe kukhu akalisema, bila kumwangalia mama.

"Tumwite Shivachi."

"Shivachi ameenda kuleta maziwa," mama akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika tangu baba aende kuleta hayo maziwa. Lakini kukhu aliacha kuita, na mimi nilifurahi, maana nilielewa kitu kimoja vizuri: maadamu hilo jina halijaitwa, baba yuko hai mahali fulani, anasukuma baiskeli. Nilianza kumziba mtoto mdomo kwa kiganja kila wazee walipokaribia, wasije wakamsikia akilia na kuliita lile jina.

Kilichokuwa kinamliza, sasa najua, ni njaa. Maziwa ya mama yalikauka. Tulikula mahindi ya kuchemsha bila chumvi, na mama hata hayo hakumeza. Mtoto akaanza kukunjamana usoni kama mzee. Akina mama wengine waliokuwa wakinyonyesha walimpa walichokuwa nacho, lakini wote walikuwa wakavu. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja upande wetu ambaye hajaibwa au hajakatwa. Mtoto alikuwa anakufa, na kila mtu aliliona hilo, na kila mtu alikuwa na neno la faraja la kumwambia mama. Yeye hakutaka neno.

Maji yalikuwa yanachotwa kwa zamu. Mto ni mmoja, kwa hivyo wanawake wa kwetu walishuka upande huu na wa kwao upande ule, na juu ya kila ukingo vijana walikaa na pinde na mishale. Hakuna aliyesalimia. Unachota macho yako yakiwa ndani ya mtungi, unapanda. Mimi nilikuwa nakwenda na mama nikiwa na mtoto mgongoni, maana hakuna mahali angewekwa.

Siku hiyo alilia pale majini. Ng'ambo kulikuwa na mwanamke ameinama anachota, akanyooka ghafla kama mtu aliyeitwa. Nilimwona kifua cha gauni lake kimelowa, madoa mawili makubwa yanayoenea, na kwa akili yangu nilidhani ameanguka mtoni. Sikuwa najua mwili wa mwanamke unaweza kuitikia kilio cha mtoto asiye wake. Yule mwanamke alitazama madoa yake, akatazama vijana wao juu ya ukingo, halafu akapaza sauti kwa Kiswahili chao.

"Huyo mtoto hanyonyangi?"

Mama aliinua macho kutoka kwenye mtungi.

"Maziwa imeisha," akasema.

Mwanamke akaweka mtungi wake chini, akaingia majini, akaja mpaka kwenye mwamba wa katikati, akaketi. Kijana mmoja wa kwao akapiga kelele akisimama na upinde. Akamjibu kwa lugha yao bila kugeuka, maneno machache makavu, na kijana akaketi. Baadaye niliambiwa alichosema: kama unataka kupiga mishale, anza na mimi niliyekufunga kitambaa ulipotahiriwa ukaugua.

Jina lake lilikuwa Mama Jerono. Mama alimjua. Baba alikuwa ananunua maziwa kwake, na Krismasi aliwahi kututumia kibuyu, tukanywa tukacheka harufu ya moshi. Mtoto wake mchanga alikuwa amekufa kwa homa vichakani, siku ile walipokimbia moto wa vijana wetu. Matiti yake hayakuwa yamepata habari.

Mama alinifungua leso mgongoni. Nilimshikilia mtoto miguu. Alinipiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, akaingia majini naye.

Mimi niliwafuata mpaka maji yakanifika magotini, ndiyo maana nilisikia. Mtoto alikataa titi. Alikuwa amelia mpaka amesahau kunyonya, anageuza shingo huku na huku, na maziwa yanamdondoka shavuni bure. Mama Jerono akamjaribu upande huu, akamjaribu ule. Kisha akamtazama mama, akamtazama sana, kama mtu anayeomba ruhusa ya kufanya jambo baya. Watu wa ng'ambo nao huita majina ya waliokufa juu ya mtoto, ila wao husubiri apige chafya. Kwa hivyo alijua vizuri kabisa anachofanya. Akainamisha mdomo karibu na sikio la mtoto.

"Shivachi," akasema. "Shivachi, nyonya."

Na mtoto akashika.

Nimelala na kuamka na neno hilo maisha yangu yote. Mimi wakati ule nilielewa kitu kimoja tu, kwamba mwanamke huyu amemuua baba yangu sasa hivi, hapa, kwa mdomo wake, mbele yangu. Mpaka asubuhi hiyo baba alikuwa anasukuma baiskeli. Kukhu alikuwa amezuiwa kuliita, mama alikuwa amelilinda, mimi nilikuwa nimelilinda kwa kiganja, na huyu mgeni amelitoa na baba akaanguka mahali alipokuwa. Nilimsikia akimeza, yule mtoto, kwa pupa, akikoroma kama nguruwe mdogo, na nilimchukia naye.

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini ndani ya maji, vile alivyokuwa na nguo zake, maji yakampita kifuani.

"Wapi?" akauliza.

"Kwangu. Nyuma ya ghala."

"Nani amemzika?"

"Mimi na mama ya bwana yangu. Alfajiri. Tumemfunika na shuka, tukaweka mawe, mbwa isimfikie." Akamhamisha mtoto titi la pili. "Mama, nitakupa bwana yako. Lakini jina ya mtu aliyefanya, usiniulize. Nikisema, watoto yenu watakuja, watoto yetu watajibu, na huyu hapa atakosa mahali ya kunyonya."

Mama aliteka maji kwa viganja, akaosha uso. Maji yalikuwa baridi, mimi nilikuwa natetemeka. Najua sasa alikuwa anapima nini. Ndugu yake baba, tuliyemwita Baba Mdogo, ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana wetu. Angeambiwa jina, lingekuwa limekwisha kabla ya jua kuzama. Na mama alikuwa na haki ya hilo jina kuliko mtu yeyote duniani.

"Nipe mwili," akasema. "Jina kaa nayo."

Ndivyo amani ilivyoanza kwetu, na mtu asiwadanganye na habari nyingine. Kulikuwa na baraza, ndiyo. Mkuu wa wilaya alikuja na gari, wazee wa pande mbili wakashikana mikono, wakala mbuzi, na kabla nyama haijasagika tumboni nyumba nyingine ikaungua. Katika hayo mabaraza wanawake walikuwa wanapika. Pale mwambani hakukuwa na mpishi.

Kesho yake mama alirudi mtoni, na kesho kutwa. Alikwenda na mwanamke mmoja wa kanisa, halafu wengine wakafuata, na wa ng'ambo nao wakaja, mwanzo wakijifanya wanafua. Walizungumza mambo madogo. Nani ana chumvi. Ng'ombe mwenye doa jeupe amelala zizi gani. Mtoto wa fulani aliyepotea siku ya moto ameonekana kwa nani. Walitukanana pia, msidhani walikuwa malaika. Nilimsikia mke wa mchungaji akimwambia mwanamke wa ng'ambo kwamba mwanawe ana uso wa mwizi tangu tumboni, na yule akajibu kwamba ndiyo, na baba yake ni mmoja wa waumini wenu. Mmoja akaanza kucheka, wakacheka mpaka vijana wa mishale wakachungulia.

Mama Jerono aliomba kitu kimoja kwa wanawake wetu: mabati yake. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, lakini mabati ya jikoni yalibebwa kabla ya moto, na kila mtu alijua yako wapi. Baba Mdogo alikuwa ameyapigilia misumari juu ya jiko lake. Mke wake, mama mdogo, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akijibu, alipanda juu ya paa lake mwenyewe mchana mume akiwa doria, akayang'oa moja moja kwa shoka. Wanawake wengine wakafanya hivyo makwao. Niliwaona wakishuka mtoni wamepanga mstari, mabati vichwani yanawaka jua, na mto ukawa kama una moto tena, ila huu ulikuwa unarudi ulikotoka.

Baba Mdogo alikuja kanisani na hasira zake. Alimwita mama shemeji, kwa heshima, halafu akamwambia mbele ya watu kwamba amemuuza kaka yake kwa maziwa. Amempeleka mtoto wa ukoo kunyonya nyoka. Kama anajua kaka yake alipolazwa na nani aliyemlaza, aseme, au aondoke arudi kwao Malava.

"Najua alipolala," mama akamwambia. "Nitamleta. Wewe utachimba shimo?"

"Nitamleta mimi. Na huko nitaacha shimo zingine."

"Basi hutajua ni wapi."

Hakumpiga. Nadhani alitaka. Kwetu mtu asiyezikwa kwake hatulii, na ukoo wake hautulii. Mwili ukikosekana, watu huchukua shina la mgomba wakalizika badala yake, na kukhu alikuwa tayari amechagua mgomba. Baba Mdogo alihitaji huo mwili kuliko alivyohitaji kulipiza, ingawa alikuwa bado hajajua. Mama alijua. Hilo ndilo alilokuwa nalo mkononi, hakuwa na lingine.

Walimleta mchana, jua likiwa juu, ili kila mtu aone hakuna kilichofichwa. Wanawake wa ng'ambo ndio waliomfukua. Wanawake wetu walimpokea kwenye mwamba. Walikuwa wamemlaza juu ya mlango, mlango wa nyumba ya Mama Jerono, ulioungua upande mmoja, na wamemfunga kwa blanketi jipya. Katikati ya mto mikono ilichanganyika. Huwezi kujua ni nani wa wapi, wote wameloa, wote wanahema. Mimi nilikuwa ukingoni na mtoto mgongoni. Nilitafuta baiskeli. Mpaka dakika hiyo nilidhani wataileta na baiskeli.

Pale njia inapopanda, Baba Mdogo alikuwa amesimama na vijana wake. Alisema wetu wapite, wa ng'ambo waishie hapo. Wanawake wakasimama na ule mlango mabegani. Wakiuacha wa ng'ambo, utaanguka, maana wao ndio waliobeba upande wa kichwa. Hakuna aliyesogea. Kijana mmoja alikuwa tayari ameweka mshale kwenye upinde.

Kukhu akapita katikati yao na fimbo yake. Akaketi chini njiani, mbele ya miguu ya mwanawe, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni. Halafu akaanza kufungua leso ya kifuani. Watu wa huku wanajua maana ya mama mzazi kujivua mbele ya mwanawe. Hakuna dawa ya laana hiyo. Mkono wake ulikuwa kwenye fundo.

"Nimezaa wawili," akasema. "Mmoja huyo yuko juu ya mlango. Nikifungua hii, nitakuwa sina hata mmoja. Chagua."

Baba Mdogo aliweka upinde chini. Akageuza uso. Halafu akaja akachukua pembe ya mlango, mbele ya mwanamke wa ng'ambo, na alipoona vidole vyake vinagusana na vya yule mwanamke hakuviondoa. Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza, mdomo wazi, kama mtoto asiyejua kulia.

Tulimzika baba nyuma ya nyumba iliyoungua. Wanawake wa ng'ambo walisimama kando ya migomba, hawakuimba nyimbo zetu. Walikuwa wamekuja na kibuyu cha maziwa na hakuna aliyekigusa. Mama akakichukua, akanywa, akampa kukhu, kukhu akanywa. Mimi nilikaa jioni nzima nikimtazama mama nikingoja aanguke. Yule mwanamke alikuwa amemuua baba kwa neno. Sasa amemuua mama kwa maziwa, na itakuwa mimi na mtoto. Nilipanga hata nitakwenda kwa nani. Mama alipolala nilimwekea mkono puani kuona kama anapumua. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu, hata nyumba nyingine ilipojengwa.

Kwa miaka, Mama Jerono alipokuja kwetu, nilijificha. Alikuja mara nyingi, maana mtoto sasa alikuwa wake pia. Aliyenyonya titi lako huwezi kumpiga mshale, wala binti yako hawezi kuolewa naye. Ndugu yangu Shivachi alikua na mama wawili, mmoja ng'ambo na mmoja huku, akala kwa wote, akanenepa. Mimi niliacha shule kumlea. Nilichoma mahindi kando ya barabara, nikauza miwa Malava, nikabeba mawe ya ujenzi kama mwanaume, nikaweka, nikaweka. Sikupewa na mtu. Mume niliyempata alikuwa wa chupa, nikamwacha na chupa yake. Mashine ya kusaga niliinunua mbovu, nikaitengeneza mwenyewe kwa kuangalia fundi anavyofanya. Hapo ndipo nilipo.

Vita vilipotaka kurudi baada ya uchaguzi ule mwingine, mnaoujua, mama na Mama Jerono walikuwa wameanza kuzeeka. Walichukua viti vyao vya plastiki wakaenda kukaa kwenye daraja jipya, mmoja upande huu, mmoja ule, wakifuma vikapu, mchana kutwa. Wanawake wengine wakaja na vyao. Kwetu hakuna kilichoungua. Kwingine kuliungua vibaya. Waliokuja kuuliza siri yao waliambiwa wakae, wafume.

Mama alikufa bila kuuliza lile jina. Mimi nilikuwa naye mwishoni, nikamwuliza kama hakuwahi kutaka. Akasema kila siku. Akasema alikuwa anaamka akitaka, anakwenda kutafuta kuni akitaka. Nilishangaa. Nilidhani alikuwa amesamehe.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoisha, Mama Jerono aliniita. Si Shivachi, mimi. Nilimkuta amelala nje kwenye jua juu ya ngozi, mdogo kama msichana, na kibuyu kando yake. Nilimwamkia kwa heshima ya kwao, nikamwita Kogo, nyanya. Akaniuliza kama bado namwogopa. Nikamwambia nilimwogopa mpaka nilipozaa mtoto wangu wa kwanza. Siku maziwa yalipotoka yenyewe kwa kilio cha mtoto wa jirani, ndipo nilipoelewa yale madoa mawili. Akacheka, akakohoa.

"Mama yako alikataa," akasema. "Mimi nimebeba mpaka hapa. Siwezi kuenda nayo. Ndugu yako nilimnyonyesha, huyo roho yake ni laini, itamvunja. Wewe uko na kichwa ngumu. Nikuambie?"

Ningeweza kusimama nikaondoka. Mama angeondoka. Nilimtazama yule mwanamke aliyemzika baba yangu kwa mikono yake na kumwita karibu na sikio la mtoto, na nikafikiria kwamba akifa nalo, hakutakuwa na mtu chini ya jua anayejua baba alikufaje.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Mwenye jina alikuwa kijana wakati huo, akasema, kijana mwoga aliyetumwa na wengine. Mama Jerono alizikwa baada ya wiki hiyo, na Shivachi alimlilia kama mwana, akachimba pamoja na wanawe.

Alhamisi iliyopita mwenye lile jina alikuja kusaga. Huja mara kwa mara, na gunia la mahindi kwenye pikipiki ya mwanawe. Ana mvi sasa, na mguu mmoja unamsumbua. Husema unga wangu ni laini kuliko wa mashine nyingine, ndiyo sababu anavuka daraja. Nilimsagia. Nilipomwaga mahindi yake kwenye mdomo wa mashine mkono wangu ulikuwa imara. Aliniambia, "Asante, mama, Mungu akuongeze." Nikamfungia gunia kwa kamba, nikalivuta fundo.

Nina ekari za baba, na nyingine nilizonunua mwenyewe kando yake, hati ziko kwa jina langu. Nina nyumba ya matofali, mabati mapya. Nina ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Nina mashine ya kusaga, na ya kupukuchua mahindi. Nina watoto waliosoma kunizidi, na wajukuu. Nina ndugu mmoja, Shivachi, mzima. Nina jina la mtu, na yeye hajui kwamba ninalo.